Maganda Chini ya Gari Nambari Tisa

Baba alichomeka kisu kwenye kiti changu nami nimesimama pale pale, kofia ngumu mkononi, joto la mgongo wangu halijatoka kitini.

Sponji ya kiti kile ilikuwa mimi. Kabla msimu haujaanza nilikalia mfuko wa povu la moto mpaka likaganda na kushika umbo langu: mbavu, nyonga, hata bega la kushoto nililolivunja utotoni. Ndani ya gari la mbio la magurudumu wazi, kwenye duara la udongo, mtu asiyebanwa na kiti chake hurushwa kama punje kwenye ungo. Sasa baba alikuwa anakata mapande, kwa kuwa kaka yangu Troy ni mpana.

Jioni ile ile Troy alikuwa amebingirisha gari lake kwenye mchujo, likavunjika. Yeye ndiye aliyeongoza ubingwa wa taifa, na hizi zilikuwa mbio za mwisho. Kuchukua kombe alihitaji kumaliza tu, hata akiwa wa kumi. Na mimi, Verna, nilikuwa nimepata nafasi ya kwanza ya kuanzia, mstari wa mbele. Kiangazi kizima, kutoka Ohio hadi Iowa, nilikula vumbi la wengine nikiitafuta nafasi hiyo.

"Tukibadilisha dereva gari linaanza mwisho," nilimwambia baba. Sauti ilitoka ndogo, kama kawaida yake.

"Sheria naijua, binti."

"Mstari wa mbele utapotea bure."

"Hakipotei kitu. Kombe linaingia nyumba ile ile." Hakuinua macho. "Nenda kaendeshe pikapu, umsukume kaka yako."

Magari yetu hayajiwashi. Husukumwa kwa nyuma mpaka injini ishike. Nikamsukuma. Troy aliinua kidole gumba bila kugeuka. Injini ikanguruma, tope likanirukia kiooni, akaenda na gari langu.

Niliiacha pikapu na funguo ndani, nikavuka barabara hadi kituo cha mafuta, nikanunua karanga za maganda.

Kwetu Indiana karanga za maganda ni mkosi; hakuna anayethubutu kuzileta karibu na magari ya mbio. Babu alikufa uwanjani, na watu wetu wanaapa kwamba kwenye mabaki ya gari lake palikutwa ganda la karanga. Baba aliwahi kumfukuza fundi ambaye yeye mwenyewe alimlea, kwa ganda moja tu chini ya pedali.

Nilisimama kwenye uzio, mkono ndani ya mfuko, kidole juu ya karanga. Kila Troy alipopita nilijiambia: bonyeza. Usiku ule nilikuwa na hasira ya kutosha kuua mtu, na nilijua ni nani.

Sikubonyeza. Troy alimaliza wa nane.

"Verna, njoo tupige picha," baba aliita. "Leo sote ni mabingwa. Mbona umenuna kama umefiwa?"

Watu wakacheka. Nikaenda, nikasimama kando ya gurudumu la mbele la nambari tisa, gari langu, nikatoa karanga, nikaipasua. Kicheko kikakatika. Ganda likadondoka chini ya gari.

Troy aliruka kutoka kitini. "We Verna, umerogwa?"

"Msimu umekwisha," nikasema. "Na gari si langu."

 Baba, aliyekata kiti changu bila kusita, akapiga magoti kwenye tope, akaanza kuokota maganda miguuni pangu. Nikapasua nyingine. Mpiga picha, maskini, hakujua afanye nini, akabonyeza.

Machi iliyofuata nilimimina kiti kipya, kwenye gari la watu wengine.

Picha ile bado iko ukutani kwa Troy. Yeye amekumbatia kombe; mimi nina mfuko wa karatasi. Wageni huuliza kwa nini mzee hakuwepo siku kubwa kama ile.

Alikuwepo. Yuko chini tu, pale picha inapoishia.