Zilizopo Ni Zipi?

Nikutegee, wewe unayenisikiliza: nina walinzi wanaomjua mwizi kwa sura, na mwizi mwenyewe hajawahi kuwaingilia nyumbani. Usijibu bado.

Mkamwana wangu hufua mashuka ya hospitali. Jumamosi moja alilitia majini koti lake la kazi, karatasi ya kipimo ikiwa mfukoni. Aliyeikuta ni binti yangu, ambaye hapikiki chungu kimoja na wifi yake. Maneno ya mwanzo yalikuwa yamefutika kwa maji, yakabaki haya: "homa ya ini B: ZIPO."

Kufikia mchana, kikombe cha mkamwana kilikuwa kimetiwa alama ya rangi ya kucha ili kitengwe, na begi lake liko mlangoni.

"Haya maradhi umeyatoa wapi, wifi? Unatupakulia chakula, kumbe unatuua kwa mwiko!"

"Hayaambukizwi kwa mwiko."

"Lo! Daktari wa mashuka! Nimekuuliza, umeyatoa wapi?"

Mkamwana akainama kupanga nguo begini.

"Kaka akirudi kutoka kazini asikukute."

Mimi nami sikuwa mwema. Nilimfungua mjukuu mgongoni mwa mama yake bila kumtazama mama mtu usoni. Mzee wangu alikufa kwa tumbo, ndivyo tulivyowaambia majirani, na sikutaka msiba mwingine.

Kisha nikavaa miwani. Nimeishia darasa la saba, lakini ngeli nilifunzwa kwa fimbo.

"Homa ingekuwa 'ipo'," nikasema. "Virusi 'vipo'. Ugonjwa 'upo'. Hapa ni 'zipo'."

"Mama! Watu tunakufa, wewe unasahihisha insha?"

"Funga bakuli lako. Mkwe, zilizopo ni zipi, na umezitoa wapi?"

Alivuta zipu ya begi mpaka mwisho. Ndipo akanitazama.

"Kingamwili, mama. Zinaijua homa hiyo, nayo haijawahi kuniingia. Kazini hawakupi mashuka yenye damu bila hizo. Baba alipougua ini, daktari alituagiza sote tukapimwe, tuchanjwe. Wifi akahamia kwa shoga yake. Wewe ukasema sindano ni za watoto, mkaniapisha nisilitaje jina la ugonjwa humu ndani. Aliyekuwa akifuta damu ya baba ni mimi. Nikaenda kuchanjwa peke yangu, mara tatu, ndipo zikapatikana." Akanyoosha mikono apewe mwanawe. "Unauliza nimezitoa wapi? Humu humu, mama. Nikimuuguza mumeo."