Kipima-Hewa cha Mademoiselle

Ukitaka kumchokoza Domitille, fundi magari wa mtaa wa Mulongwe, usimtukane. Mwambie tu kwamba kuna kifaa kipya kutoka Dubai kinachorudishia gari kuukuu nguvu za ujana. Hapo ataweka spana chini, atajifuta mikono kwa kitambaa kisichojulikana tena kilikuwa cha rangi gani, na utapewa somo mpaka ujute kuja.

Mwalimu Octave alilijua hilo vizuri, na bado alisema. Alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu, na mtu aliyezoea kusimama mbele ya darasa la watoto sitini haogopi fundi mmoja. Hata hivyo, Ijumaa ile alisimama mlangoni mwa gereji kofia mkononi, kama mtu aliyeleta habari ya msiba.

"Mama Domi, Toussaint ameniletea debimetre ya kisasa. Ile ya waya. Anasema Mademoiselle itapanda mulima sawa na kijana."

Mademoiselle, yaani binti kwa Kifaransa, lilikuwa gari la mbio la Kijapani, jekundu, la milango miwili, la mwaka themanini na sita. Lilivuka ziwa kutoka Kigoma juu ya meli ya mizigo, na tangu siku hiyo lilikataa kuzeeka. Kwa hati lilikuwa la Octave, lakini kwa mikono lilikuwa la Domitille. Kwa miaka kumi na miwili hakuna mtu mwingine aliyefungua boneti yake. Wenye magari wa Uvira walikuwa wakisema, ikiwa mama huyu amemweka Mademoiselle hai mpaka leo, langu litamshinda? Jina lote la gereji lilikalia magurudumu yale manne.

Na debimetre ni kile kipima-hewa kinachokaa kati ya chujio la hewa na injini. Kinaiambia kompyuta ya gari hewa kiasi gani inaingia, nayo inaamua imwage petroli kiasi gani. Cha Mademoiselle kilikuwa cha kizamani, chenye kibati kinachosukumwa na hewa. Cha kisasa hakina kibati. Kina waya mwembamba wenye joto, na hewa inapoupoza waya ule, ndivyo inavyopimwa.

"Prof," alisema Domitille, na spana ilikuwa imeshawekwa chini, "debimetre ni mizani. Weye ulishaona mizani mupya pale Kalundu inaongeza samaki uzito? Moteri inakula hewa ile ile."

"Toussaint anasema kile kibati kinazuia hewa."

"Kinazuia kidogo sana. Mu gari ya mashindano, sawa. Weye unashindana na nani? Na ng'ombe ya barabarani?"

Octave aligeuza kofia yake mara mbili. "Tutapima siku ya Mungu, kisha ya misa. Kama ya mupya inashinda ya zamani, Mademoiselle itahamia kwa Toussaint. Nimeshamupa neno."

Neno hilo lilimchoma Domitille penye nyama. Toussaint hakuwa mgeni. Alifundishwa kazi katika gereji hiyohiyo na marehemu Jean-Berchmans, baba yake Domitille, kisha akaenda kufungua duka la vipuri upande wa mpakani. Mpaka leo alimwita Domitille yaya, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa. Gari likihamia kwake, wateja nao wangehama, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na udhuru wake wa adabu. Domitille aliliona hilo wazi kabisa. Akapiga moyo konde, akasema sawa, watapima.

Jumapili baada ya misa walikutana Kalundu, mahali barabara inapoiacha bandari na kuelekea kusini, ikipanda kilima juu ya ziwa. Octave alikuwa amepaka chokaa jiwe moja chini na jingine juu. Shingoni alining'iniza saa ya michezo ya shule yake ya zamani. Alitaka wote watatu wakae ndani ya gari kila safari ili uzito usibadilike, na Toussaint, ambaye ni mrefu kama nguzo ya umeme, alikunjwa kwenye kiti cha nyuma mpaka magoti yakayakaribia masikio. Wapagazi wa bandarini waliona hiyo ndiyo sinema ya Jumapili. Wakakaa juu ya magunia yao kutazama.

Walianza na kipima-hewa cha zamani. Octave alimpa Domitille saa, akakanyaga, Domitille akaibonyeza. Walipopita jiwe la juu ilisoma dakika mbili na sekunde ishirini na moja. Octave akaandika, wakarudi chini, na Toussaint akaanza kazi. Domitille alimtazama kwa jicho kali lakini hakuona la kukosoa. Kijana alifunga kipima-hewa kipya, akaunganisha na kisanduku kidogo cha kutafsiri lugha mpya ili kompyuta ya zamani iielewe. Mikono yake ilikuwa safi na haikuwa na haraka. Marehemu alimfunza vema.

Safari ya pili ilikuwa aibu tupu. Mademoiselle lilianza vizuri, likafika nusu ya kilima likaanza kukohoa, likavuta, likakata, likavuta tena. Kule chini wapagazi waliangua kicheko. Saa ilisoma dakika mbili na sekunde hamsini na nane.

Juu ya kilima Toussaint alijikunjua kutoka kiti cha nyuma bila kumtazama mtu. Alienda kando na simu kumuuliza aliyemuuzia, na mgongo wake ulionyesha kwamba anajibiwa upuuzi. Octave aliketi juu ya jiwe lake la chokaa, akiangalia ziwa, akiwa na uso wa mtu aliyeoa upya na kujuta siku ya harusi.

Domitille alikuwa ameshinda. Tusidanganyane, alifurahi. Alifurahi mpaka akaona haya kidogo. Lakini fundi ni fundi hata akiwa kwenye raha zake, na gari linalokohoa mbele yake lilimwasha kama upele. Akafungua boneti, akakichomoa kile kipima-hewa kipya, akakiinua juani.

Waya ulikuwa umevaa utando mwekundu. Aliugusa kwa ncha ya kidole, akanusa. Yalikuwa mawese.

Hakuhitaji kuuliza yametoka wapi. Yeye mwenyewe aliyatia. Kila mwezi alilitoa chujio la hewa la Mademoiselle, akalikung'uta, akalipaka mawese kwa brashi, ili vumbi la bonde la Ruzizi linase humo lisifike kwenye injini. Baba yake alifanya hivyo. Malori ya zamani aliyoyatengeneza Jean-Berchmans yalikuwa na chujio linalokaa ndani ya oili, na miaka ya vita oili ilipokosekana alitumia mawese yaliyokuja kwa mitumbwi kutoka upande wa Fizi, na malori yakatembea. Magari madogo yenye chujio la karatasi yalipokuja, yalipata dawa ileile. Kibati cha zamani hakikulalamika. Waya mwembamba ulinasa mvuke wa mawese, yakagandia juu yake, ukapofuka.

Toussaint alikuwa na chujio jipya, kavu, kwenye mfuko wake. Asubuhi alitaka kulifunga, Octave akamkataza, akisema chujio la Mama Domi liko sawa. Basi kosa halikuwa la kifaa wala la kijana. Na hakuna aliyeona. Alichotakiwa ni kukirudisha tu mahali pake, afunge boneti, ashuke mlima akiwa mshindi, na Mademoiselle lingelala Mulongwe kama kawaida. Alikishika kile kifaa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliogopa. Alipoona mgongo wa Toussaint umeinama juu ya simu, alijikasirikia kwa jinsi alivyofurahi.

"Toussaint," aliita. "Wacha simu. Kuja uone."

Kijana akaja. Octave naye akasimama.

"Hii si kosa yako. Ni mawese yangu. Minye niko napaka chujio, mawese imeingia ku waya. Prof, kile kintu kiko kizima. Hamujapima kitu."

Octave alitazama kidole cha Domitille chenye wekundu. "Miaka yote ulikuwa unapaka mawese?"

"Kila mwezi."

"Na hukunambia?"

"Hukuniuliza, na minye nilizani njo dawa."

Walishuka Kalundu. Domitille alinunua alkoli ya vidonda kwenye duka la dawa, akausafisha waya kwa unyoya wa kuku, taratibu, mpaka ukang'aa. Toussaint akafunga chujio lake kavu. Wapagazi, ambao walishaanza kuondoka, walirudi kwenye magunia.

Safari hii Mademoiselle halikukohoa. Liliimba mlima mzima, na lilipopita jiwe la juu, saa ilisoma dakika mbili na sekunde kumi na saba. Octave alipiga usukani kwa furaha. Sekunde nne! Alimpa Toussaint mkono wa pongezi bila kugeuka, nusura amtie kidole jichoni. Neno lilikuwa neno. Mademoiselle lilikuwa limehama.

Domitille alikuwa akiitazama ile saa mkononi mwake. Angeweza kunyamaza na kukubali, watu wangemsifu kwa ustaarabu. Lakini sekunde zile nne hazikumwingia akilini.

"Prof," alisema, "ulinifundisha mu mwaka wa pili. Ulitupiga fimbo juu ya kitu kimoja. Ulisema, ukibadilisha bintu bibili mara moja, huwezi kujua ni gani njo imefanya kazi."

Octave aliondoa mikono kwenye usukani.

"Tumebadilisha debimetre, tumebadilisha na chujio. Turudishe debimetre ya zamani, chujio kavu ibakie. Tupande tena."

"Yaya," alisema Toussaint kutoka nyuma, kwa upole, "unajua itaonyesha nini?"

Alijua. Kama saa ingerudi kwenye ishirini na moja, angekuwa amepoteza gari. Na kama ingebaki kumi na saba, basi kipima-hewa kipya hakikuongeza chochote, na sekunde nne zilikuwa zikiibwa na brashi yake mwenyewe, na kabla yake na brashi ya baba yake, mtu ambaye Domitille hakuwahi kumwona akikosea. Upande wowote alikuwa na hasara. Alitaka kujua hata hivyo.

"Funga," alisema.

Toussaint alifunga. Walipanda mara ya nne, na Domitille aliisikiliza injini akijua jibu kabla ya kubonyeza. Dakika mbili na sekunde kumi na saba.

Octave alizima gari. Aliitazama saa, akaitazama tena, kisha akavua kofia. "Ni sawasawa," alisema. "Ya mupya haikushinda. Mademoiselle inabaki kwako, Mama Domi." Akachomoa ufunguo na kumtilia mkononi.

Ushindi wa pili siku moja, na huu ulikuwa wa halali. Domitille alishuka garini, akasimama pembeni ya barabara, akalia. Hakujificha. Toussaint alijikunjua, akaja kusimama karibu naye.

"Na minye baba yako alinifundisha vile vile," alisema. "Niliacha kupaka juu ya bibi yangu nyumbani, alikataa nichukue mawese ya mboga. Sikujua kama ni mbaya."

Domitille alicheka katikati ya machozi, akapenga kamasi kwa kitambaa chake cha gereji, na uso ukawa mchafu zaidi kuliko ulivyokuwa. Kisha kicheko kikaisha. Alikuwa ameanza kuyakumbuka magari mengine. Si Mademoiselle tu. Teksi za Mulongwe, malori yanayobeba mihogo ya bondeni, minibasi tatu, yote yalipita chini ya brashi ileile kila mwezi. Octave alimwambia hayo yanaweza kungoja kesho. Yeye alikuwa ameshatoa simu.

Alianza na Gaspard, ambaye kila Jumanne na Ijumaa minibasi yake hupandisha watu mlimani Lemera, wengi wao wakienda hospitali.

"Gaspard, ni Domitille. Kesho asubuhi leta gari ku garage."

"Iko na shida gani? Gari iko inatembea."

"Shida ni minye. Ile mawese nilikuwa napaka ku chujio, inanyima moteri hewa. Nimepima leo. Baba naye alikosea. Nitabadilisha chujio, bila weye kulipa kitu."

Upande wa pili ulisikika mlango wa gari ukifungwa.

"Domitille," Gaspard alisema, "miaka yote hii, ku ile kona ya mwisho, niko nashusha bantu bapande na miguu. Bagonjwa. Hata bamama benye mimba. Nilikuwa nabaambia ni mulima."

"Mulima hauna kosa," alisema Domitille. "Leta gari."