Kitanda cha Madumu

Seremala alicheka hadi mbavu zikamuuma alipomkuta mkewe akifunga madumu matupu, yamekazwa vifuniko, chini ya kitanda chao. Redio ilikuwa imeonya kwamba dhoruba ingeisukuma bahari hadi majumbani.

"Nahodha," alimtania, "safari lini? Kitanda hicho nimekichonga mwenyewe. Wanaume wanne hawakiinui."

Mkewe alikaza fundo la mwisho. Alirundika unga, nguo na vitabu vya watoto juu ya kitanda, akakifunga kwa kamba ndefu kwenye nguzo ya nyumba, kisha wote wakakimbilia shule ya kilimani.

Waliporudi, maji yalikuwa yameshaondoka. Alama ya tope ukutani ilimpita seremala kichwa. Meza na mlango vilikuwa vimechukuliwa na maji. Lakini kitanda kilikuwa katikati ya chumba, kimetua sawasawa, unga mkavu, na juu ya gunia amekaa kuku wa jirani, akiwatazama kama wageni waliochelewa.

Seremala aliduwaa kizingitini. Bahari ilikuwa imeingia humu chumbani, ikakiinua alichoapa hakiinuki, ikakirudisha taratibu. Alivua viatu ndipo akaingia.

"Nahodha," alisema kwa sauti ya chini, na safari hii hakucheka, "madumu mengine tutayapata wapi?"