Nguzo za Ukuta Zilivyoota Majani

Sheria ya ukuta ilipigiwa makofi bungeni Gitega, mi nikiisikiliza redioni huku Butihinda mpaka chai ikapoa. Ukuta kufuata mpaka wote wa Burundi na Tanzania, eti magendo yaishe. Na kabla ukuta haujakamilika, marufuku kulima kandokando ya mpaka.

Hapo kandokando ndipo lilipo shamba la Kasilda, jirani yangu. Alizaliwa kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudi mtu mzima na watoto wake, akakuta shamba la marehemu baba yake limekuwa pori. Alilifyeka mwenyewe. Alikuwa amevuna maharage ya kwanza tu alipoambiwa: toka.

Tulikimbia bunduki, tukarudi kwa amani, halafu tufukuzwe na ukuta ambao haupo! Nilisema hivyo sokoni Muyinga, nikasema nje ya kanisa, nikasema mpaka mke wangu akaniomba nisiseme nikiwa usingizini.

Ndipo akaja Manase, mkuu wa mradi. Si mgeni, ni mtoto wa Buhinyuza, hapa jirani. Hakuja na saruji wala waya. Khairunissa, mwenye duka la vifaa Muyinga, aliniambia mradi mzima ulinunua kwake kitu kimoja: utepe mwekundu wa kukata siku ya uzinduzi.

"Serikali italeta waya," Manase alitutangazia. "En attendant, wakati tunasubiri, Jumamosi, kazi za jumuiya. Kila familia ilete nguzo, isimike kwenye shamba lake."

"Lake lenyewe?" nikauliza.

"Bien sûr, ndiyo, mzee! Unataka nani akusimikie?"

Nikaitikia kwa kichwa. Kasilda akanigeukia kwa hasira.

"Baba Gervasi, leo ndiyo umepoteza ulimi?"

"Mama, nenda ukate umuvumu. Mbichi."

Akanitazama, kisha akaziba mdomo kuficha kicheko.

Kwetu mti wa umuvumu ukiuchomeka mbichi unaota. Anayejenga kwake huupanda, na watu wakigombea ardhi, wazee wa kilima, ndiyo kijiji chetu, huuliza kwanza: umuvumu huu kaupanda nani? Manase alilijua hilo tangu utotoni, ila Jumamosi ile alikuwa na haraka ya picha. Alimshikia Kasilda nguzo kwa mikono yake, akatabasamu mbele ya kamera, akakata utepe, akanywa pombe ya ndizi pamoja nasi. Kilima kizima kilikuwa pale.

Waya haukuja. Mvua zilikuja, zikaenda, zikarudi. Nguzo zikaota majani, ndege wakajenga viota. Shamba la Kasilda likabaki marufuku, na yeye akilima vibarua vya watu.

Halafu tukasikia habari mpya: ukuta hautajengwa tena, na kwa kuwa ardhi ile imekaa bure bila mwenyewe, apewe tajiri mmoja wa mjini. Bila mwenyewe! Nikamwambia Kasilda avae viatu. Tukapanda gari hadi Gitega, mbele ya kamati ya ardhi.

"Mama, una ushahidi gani kwamba ni kwenu?" mwenyekiti akauliza.

"Nimepanda umuvumu, mheshimiwa."

"Nani alikuona?"

Kasilda akanyoosha mkono kwenye meza ya wakubwa. "Yule pale. Ndiye aliyenishikia nguzo."

Manase akainamisha kichwa. Nilikwishaandaa matusi yangu, nimeyapanga vizuri tangu Muyinga. Lakini Manase akasimama.

"Ni kweli. Niliwaamuru mi mwenyewe. Kila mtu alisimika kwenye shamba la kwao, na hakuna aliyepinga."

"Umuvumu?" mwenyekiti akasema. "We Manase, mtoto wa kilimani, uliwapandisha watu umuvumu ukaita ukuta?"

Ukumbi mzima ukacheka, na mwenyekiti akafuta machozi kwa tai yake. Yule tajiri, aliyekaa mbele, akaokota mkoba wake, akatoka. Ardhi ikarudi kwa waliopanda, na marufuku ikafutwa siku hiyohiyo. Matusi yangu nikarudi nayo yote nyumbani.

Jumamosi iliyofuata kilima kizima kilikuja na majembe, bila kuamriwa na mtu. Ng'ambo ya mpaka Watanzania wakasimama kututazama.

"Nyie Warundi!" mmoja akapiga kelele. "Ukuta wenu umejaa ndege!"

"Njoo upumzike kivulini!" Kasilda akamjibu. "Ila ukija, njoo na jembe!"

Akapiga jembe la kwanza, udongo ukafunguka mweusi. Nyuma yake alikuwa amemfunga mbuzi wake kwenye nguzo ya serikali, mbuzi shingoni ana ule utepe mwekundu wa uzinduzi.