Ng'ombe wa Mama

Mama alipolazwa hospitali, ng'ombe wetu aligoma kukamuliwa. Baba akisogea tu, anapigwa teke, na mdogo wetu wa mwaka mmoja alikuwa hajanywa maziwa tangu asubuhi.

Dada akasema, "Baba, huyu amezoea harufu ya mama. Vaa gauni lake."

"Mimi? Una wazimu?"

Mtoto akalia tena. Baba akaingia ndani, akatoka na gauni la maua limembana mabegani. Sisi hatukucheka, tulizijua hasira zake. Ng'ombe akamnusa, akatulia, maziwa yakaanza kugonga ndoo.

Jirani akachungulia juu ya uzio, akaliona gauni la mama. "Shemeji, kumbe umeshapona!"

"Cheka," baba akasema bila kugeuka. "Ukimaliza, njoo unishikie mkia."

Akaja kweli, na mtoto akalala ameshiba.