Kichwa cha Changu

Jabir alizaliwa Riyadh, akakulia Riyadh, na mpaka siku ile hakuwahi kuiona bahari, yeye ambaye babu zake walitoka Unguja. Alikuwa akiuza udi katika duka la ami yake pale soko la Al-Dirah, na sokoni kote alijulikana kwa vitu viwili: ulimi mkali na shingo isiyoinama.

Sasa alikwenda Jeddah kuonwa. Wazee wa Mwanamize, msichana aliyetaka kumposa, hawakutaka kupokea posa ya kijana wanayemjua kwa picha ya simu tu. Mama yake Jabir alimwusia mara tatu: "Ukishuka basi, nenda moja kwa moja. Mposaji hali njiani. Tonge lako la kwanza Jeddah liwe la mkono wa mama mkwe."

Lakini basi lilifika mapema, na chakula kilikuwa baada ya adhuhuri. Nitachungulia tu, akajiambia.

Balad, mji mkongwe wa Jeddah, ikammeza. Nyumba za mawe ya matumbawe zilisimama zimeegemeana kama wazee watokao msikitini, madirisha yao ya mbao yamejitokeza juu ya vichwa vya watu. Wachukuzi walimkemea apishe mikokoteni. Muuza vitambaa alimwita kwa Kiarabu, jirani yake akamwita kwa lugha asiyoijua, na yeye akawacheka wote wawili. Kisha upepo ukageuka, ukaja na harufu ya chumvi. Akaifuata kama mtu aliyeitwa jina lake, mpaka soko la samaki.

Aliiona bahari kwa mbali, kati ya malori mawili. Akasimama pale mpaka wakamsukuma.

"Yalla, kaa," muuza samaki akamwambia, akampa changu mzima, moto kutoka karaini. Jabir akakaa juu ya kreti. Alipokumbuka usia wa mama, alikuwa amebakiwa na kichwa. Akakifyonza nacho, akalamba vidole, akajiona mfalme.

Nyumbani kwa kina Mwanamize alipokewa kwa buhuri na maji ya kunawa. Akawaamkia wazee. Bi Hala, mama wa msichana, akamuuliza kwa upole, "Umeshatia kitu mdomoni, mwanangu?"

"Hata maji, mama."

Mzee Sultan, mumewe, akakohoa, akatazama zulia. Ndevu zilimtikisika.

Sinia likaja: wali wa nazi, pweza, samaki wa kupaka. Jabir akapiga matonge matatu, akaondoa mkono siniani.

"Hakina chumvi?" Bi Hala akauliza.

"Kimekolea, mama. Mie mlaji mdogo tu."

"Mlaji mdogo," akasema Mzee Sultan. "Basi leo sokoni nimemwona kijana wa sura hii hii, kanzu hii hii, anafyonza kichwa cha changu hata paka wakakata tamaa."

Bi Hala akaziba mdomo kwa mtandio. Nyuma ya pazia kicheko kikamponyoka mtu, na Jabir akakijua ni cha nani. Kikamchoma. Mlango ulikuwa wazi: angecheka nao, akasema "nisameheni, nilishindwa na harufu," na mambo yangeisha. Lakini shingo ikakaza.

"Umenifananisha, ami."

"Nimekufananisha?"

"Macho ya mtu mzima wakati mwingine humdanganya."

Mzee Sultan akanawa mikono taratibu, ingawa alikuwa hajashiba.

"Halas, yamekwisha," akasema. "Huenda."

Tangu hapo alimwuliza habari za safari na joto la Riyadh, kwa adabu kamili, kama anavyoulizwa mpita njia. Kahawa ilipokwisha hakuna aliyemwambia akae.

Mwanamize alimletea mfuko wake mlangoni, mama yake amesimama hatua chache nyuma.

"Baba alirudi kutoka sokoni anacheka," akasema kwa sauti ya chini. "Akatwambia, huyu kweli damu ya pwani, anajua kula samaki. Alikuwa ameshakupenda, Jabir."

Neno la radhi likampanda mpaka ulimini. Akaliona lile zulia, akamwona yule mzee, akajiona mwenyewe akirudi ndani kichwa chini.

"Basi litaniacha," akasema.

Akashuka ngazi. Juu yake mlango ulifungwa polepole, bila kishindo. Ungebamizwa, angalau angepata cha kukasirikia.