Uzi kwenye Laini za Ndani

Tangu Kipimo aanze kuja dukani, mshonaji alikuwa anapindisha mishono.

"Hii suruali ni ya mtu au ya nyoka?" dada yake aliuliza, akiinua mguu mmoja wa suruali kwenye mwanga.

"Cherehani inataka mafuta."

"Cherehani haina neno. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni wetu akija, mwenyeji anakonda."

Duka lilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele zilikaa cherehani mbili, yake na ya dada yake. Nyuma ilikuwa meza ya mkewe, fundi wa redio na spika. Zamani pazia lile lilikuwa la kuzuia vumbi la vitambaa tu. Sasa nyuma yake zilisikika sauti mbili.

Kipimo alisoma na mke wa mshonaji chuo cha ufundi. Wenzao walimpa jina hilo kwa sababu hakubali jambo kabla ya kulipima. Hata akiambiwa chai ni ya moto, atachovya kidole. Mkewe alikuwa anaunda pawa saplai yake mwenyewe, kisanduku cha kumpa umeme wowote anaoutaka, kuanzia sifuri hadi volti thelathini, ili ajaribu redio za wateja bila kuziunguza. Alimwomba Kipimo amsaidie sehemu moja tu: laini za ndani.

"Ndizo nini hizo?" mshonaji aliwahi kumuuliza wakiwa nyumbani.

"Ni umeme wa kisanduku chenyewe. Ule mkubwa unaotoka nje ni chakula cha wageni. Lakini ndani kuna wapishi: kichipu kinachosimamia volti, kioo kinachoonyesha namba. Nao lazima wale, tena chakula safi, chao peke yao. Volti kumi na mbili kwa kichipu, tano kwa kioo, na hasi tano ili volti ya nje iweze kushuka mpaka sifuri kamili."

"Hasi? Umeme unawezaje kuwa chini ya sifuri?"

Mkewe alitabasamu. "Hilo Kipimo atakueleza vizuri zaidi."

Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza.

"Hasi yako inalegea," sauti ya Kipimo ilisikika nyuma ya pazia.

"Hailegei. Wewe ndiye unayeivuta."

Kisha kicheko cha watu wawili.

"Wanacheka nini?" mshonaji alinong'ona.

"Volti," alijibu dada yake.

"Volti inachekesha?"

"Inategemea unaihesabu na nani, kaka yangu."

Alitamani ndani ya kile kisanduku kiwepo kitu chake, hata kidogo. Asubuhi moja mkewe alipokwenda kununua kapasita, vile vikopo vidogo vya kutuliza umeme, mshonaji alikikuta kiko wazi mezani, nyaya zimetawanyika kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Akachukua uzi uliotiwa nta, ule wa kushonea mikoba ya ngozi. Alizikusanya nyaya zote, nene zinazotoka kwenye transfoma na nyembamba za laini za ndani, akazifanya kamba moja iliyonyooka. Akaifunga fundo baada ya fundo, kila fundo likitazama upande mmoja na ncha za uzi zikiwa zimefichwa.

Mkewe aliporudi alishika mdomo. "Umefanya wewe?"

"Kwani kuna mshonaji mwingine humu?"

Aliyagusa mafundo moja moja, polepole. Kipimo alipofika jioni aliinamia kisanduku kwa muda. "Shemeji, hii ni kazi ya kiwandani," alisema. Siku hiyo mishono ilinyooka kama rula.

Kisanduku kilipowashwa, kikaanza kuvuma. Waliunganisha redio nzima kabisa, na chini ya sauti ya mtangazaji kukasikika mvumo kama wa nyuki ndani ya chupa. Kwa umeme wa namna hiyo, fundi hawezi kujua kama ugonjwa uko kwenye redio ya mteja au kwenye kisanduku chake. Kwa hiyo Kipimo akawa anakuja kila siku. Alileta skopu yake, mashine ya kuonyesha mawimbi ya umeme, na vichwa viwili vikawa vinainamia kioo kimoja kidogo. Walibadilisha kapasita. Walihamisha waya wa ardhi. Mvumo haukutoka, na Kipimo naye hakutoka.

"Huko chuoni hawakufundishwa kumaliza?" mshonaji alisema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma.

"Tunakaribia, shemeji!" Kipimo alijibu kwa furaha. Neno hilo shemeji lilimwingia kama sindano chini ya ukucha.

Alasiri moja dada yake alitoka kwenda kununua vifungo. Mshonaji alisimamisha cherehani, akasogelea pazia. Hakujivunia jambo hilo, lakini alisogea.

"Tumebadilisha kila kitu," Kipimo alikuwa anasema. "Kilichobaki tunakijua wote wawili. Nyaya za transfoma zimelala kitanda kimoja na laini za ndani. Mvumo unaingilia pale."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile alipozifunga."

"Basi kata uzi! Kazi ya dakika chache."

"Hajawahi kugusa kazi yangu hata mara moja. Amezifunga kwa mkono wake, kila fundo. Tutafute njia nyingine. Tuweke bati katikati."

"Bati litapita wapi? Zimekumbatiana."

Mshonaji alisimama pale, moyo ukimvuta pande mbili. Mkewe alikuwa ameyahurumia mafundo yake. Lakini aliyekuwa akiijua huruma hiyo ni Kipimo, si yeye.

Akachukua mkasi mdogo, akafungua pazia.

"Zima umeme, shemeji, kabla hao wapishi wenu hawajanipika."

Mkewe aliinuka. "Mume wangu, ngoja kwanza..."

"Zima."

Alikata fundo la kwanza, la pili, hadi la mwisho, na kamba yake nzuri ikafumuka. Mkewe alizisukuma nyaya nene upande wa pili wa kisanduku bila kumtazama. Kipimo akawasha. Mtangazaji akasikika msafi kabisa, mpaka pumzi anazovuta kati ya sentensi.

Hakuna aliyepiga makofi. "Nitapita kesho kuchukua skopu," Kipimo alisema.

"Ichukue leo."

Akaichukua.

Walipobaki wawili, mshonaji aliuliza, "Kwa nini yeye alijua kabla yangu?"

"Sikumwambia. Aliona mwenyewe."

"Ukamjibu unajua. Mimi nyumbani hukuniambia chochote."

Mkewe alizungushazungusha kipande cha uzi kidoleni. "Yeye nikimwambia kitu kimeharibika, haumii."

"Mimi nikiumia, nitapona. Lakini mtu mwingine akijua ya moyoni mwako, na mimi niko nyuma ya pazia nashona suruali..."

"Huo ni wivu."

"Ni wivu. Tena hauko kwenye volti thelathini, umepita."

Mkewe hakucheka. Alivuta kiti alichokuwa anakalia Kipimo, akakisogeza karibu na chake. "Kaa. Hizi nene zipite ukuta huu, peke yake. Hizi nyembamba ndizo laini za ndani, zipite kule. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba, zisilale pamoja. Zifunge tena, mafungu mawili."

Akakaa, akatunga uzi. "Na hii ya bluu?"

"Hiyo ndiyo hasi tano."

"Nieleze hasi. Wewe."

Mkewe alifikiri, kisha akachukua futi ya mumewe ya kupimia nguo na kuubana mwanzo wake kiunoni mwake. "Tuseme sifuri iko hapa. Kifua kiko juu yake. Magoti yako chini yake. Magoti hayapo?"

"Yapo."

"Basi na hasi ipo. Sifuri ni mahali tu tulipochagua kuanzia kupima."

Mshonaji aliyatazama magoti yake kwa muda. "Hili Kipimo analijua?"

"Analijua."

Likamchoma, akalimeza. Akakaza fundo la kwanza kwenye nyaya nyembamba.

"Haya, endelea," akasema. "Kumi na mbili nayo inafanya nini?"